Rizimu Kwanza: Nilivyojifunza Gitaa Dukani Arusha

Watu wakiniona nimebeba gitaa mgongoni huniuliza nimesomea wapi. Nikijibu "dukani" hucheka, wakidhani nawatania. Wanategemea nitaje Bagamoyo kwenye chuo cha sanaa, au Makumira pale Usa River ambako watu husomea muziki mpaka shahada. Mimi ni mhasibu wa kampuni ya utalii, nina watoto wawili, na muda wangu wa kujifunza chochote ni jioni baada ya kufunga hesabu za siku. Kilichonifaa ni duka la vyombo vya muziki, mwendo mfupi kutoka Soko Kuu, lenye chumba cha nyuma na walimu wawili wasiokubaliana karibu katika kila jambo.

Nilianza msimu wa masika. Aliyefanya kazi za utalii hapa Arusha anaujua mwezi wa nne na wa tano ulivyo: mvua inanyesha, magari ya safari yamepaki yamefunikwa maturubai, na bosi anawakumbusha watu wachukue likizo zao sasa, wasije wakazidai mwezi wa nane. Ofisi inakuwa kimya mpaka unasikia friji. Nilikuwa naimba alto kwaya ya usharika tangu niko sekondari, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa namtazama mpiga gitaa wetu kwa wivu ambao sikuwahi kumwambia mtu.

Duka lenyewe ni la kawaida. Mbele kuna spika zilizopandana mpaka karibu na dari, vinanda, mikisa, maiki, nyaya zilizoviringishwa, na tarumbeta mbili zinazong'aa ambazo sijawahi kumwona mtu akiziulizia bei. Wateja wakubwa ni makanisa, wapiga muziki wa harusi na watu wa matangazo. Magitaa yananing'inia ukutani nyuma ya kaunta. Ukiipita kaunta unaingia kwenye chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ukuta mzima, kama zilivyo studio nyingi za mtaani. Trei za mayai, kwa taarifa yako, hazizuii sauti kutoka nje. Zinapunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba mle ndani, basi. Mama anayeuza maharage mlango wa pili alizijua nyimbo zangu zote kabla hazijawa nyimbo.

Mwalimu wa kwanza ni kijana aliyesomea muziki darasani na kupata vyeti vyake. Wote tunamwita Ticha. Wa pili alipiga gitaa kwenye bendi za dansi tangu ujana wake, cheti hana, na anaitwa Mzee tu. Ticha ananiita dada. Mzee ananiita mwanangu, ila siku nikimkera ninakuwa "mama mhasibu".

Nilikwenda na hela tayari, nikitaka kuondoka na gitaa siku ileile. Ticha akakataa kuniuzia. Alisema nitumie la duka kwa vipindi vya mwanzo, ndipo tutajua mkono wangu unataka nini. Nilishangaa, maana mwenye duka alikuwa amekaa palepale kwenye kaunta anasikia, na hakusema neno. Nilikuja kuelewa hesabu yake baadaye. Mwanafunzi aliyeuziwa gitaa asiloliweza harudi. Asiporudi hanunui nyuzi, hanunui kapo, kile kibanio cha shingoni, wala mfuko, na hamleti mdogo wake. Mimi hadi leo nimewaleta watu, na hela niliyoacha pale inazidi bei ya gitaa lolote lililokuwa ukutani siku ile.

Suala la aina ya gitaa linastahili maelezo, kwa sababu wengi hukwama hapo bila kujua ni kwa nini. Gitaa la nyuzi za nailoni lina shingo pana, kama milimita 52 pale juu nyuzi zinapoanzia. La nyuzi za chuma lina milimita 43 hivi. Nyuzi za chuma zinavuta kwa nguvu kubwa zaidi: zote sita kwa pamoja zinavuta shingo kwa kiasi cha kilo 70, wakati za nailoni ni kama kilo 40. Kwa hiyo nailoni ni rafiki wa ncha za vidole lakini inataka mkono wa kutanuka, na chuma kinauma lakini mkono mdogo unafika. Na usije ukashawishika kufunga nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezwa kwa nailoni eti lipate mlio mkali. Fundi wa pale dukani ana magitaa kadhaa kwenye rafu yake yaliyong'oka kidaraja, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi juu ya tumbo la gitaa, kwa mtindo huo, na wenyewe hawajayafuata.

Mimi mkono wangu ni mdogo. Nilichukua la chuma. Vidole vya kushoto viliuma kiasi kwamba kukata kitunguu ikawa shida, kisha vikaota sugu na habari ikaisha. Hilo la maumivu watu hulikuza sana. Kilichonipa taabu zaidi ni kucha: za mkono wa kushoto lazima ziwe fupi kabisa, ama sivyo kidole hakisimami wima juu ya uzi. Nimekwenda kwenye sendoff ya mdogo wangu nikiwa na kucha ndefu nyekundu mkono mmoja na mkono wa pili kama wa mkulima wa Tengeru. Mashangazi walitazama, hawakuuliza.

Fundi naye, ingawa hajawahi kujiita mwalimu, amenifundisha mengi. Magitaa mengi yanapandishwa kutoka Dar, mji wa joto na unyevu wa bahari, yanakuja kuishi huku kwenye mwinuko wa mita kama 1,400, ambako kuanzia Juni hewa ni ya baridi na kavu. Mbao ikikauka inasinyaa, chuma hakisinyai. Matokeo yake ncha za freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, zinajitokeza pembeni mwa shingo na kukwaruza kiganja, na shingo yenyewe inabadilika mkao kidogo, nyuzi zinakaa juu zaidi au zinalala mpaka zinanguruma. Ndani ya shingo ya gitaa la nyuzi za chuma kuna fimbo ya chuma inayokazwa au kulegezwa kwa ufunguo mdogo wa pembe sita, na fundi huizungusha robo tu ya mzunguko, analiacha gitaa kwa siku nzima, ndipo anatazama tena. Nimeona watu wakikata tamaa ya muziki wakidhani vidole vyao ni vibovu, kumbe nyuzi zimesimama juu ya shingo na hata mpigaji mkongwe angepata shida kuzibana. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kujifunzia mahali penye fundi: kosa la chombo halihesabiwi kuwa kosa lako.

Ticha alianza na mwili. Kidole gumba kikae nyuma ya shingo, kisichungulie juu. Kidole kibane karibu na freti, si juu yake na si katikati ya nafasi. Mabega yashuke. Kisha nota. Hapo kwaya ilinisaidia, kwa sababu solfa, ile ya do-re-mi, nilikuwa nayo tayari; aliponionyesha kwamba do inahama, kwamba kwenye ki ya G, yaani wimbo ukijengwa juu ya noti ya G, do inakaa G na kwenye ki ya D inakaa D, sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Nilikuwa nimeiimba hivyo tangu utoto. Kisha kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja: Em, G, C, D, halafu ile F inayotaka kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote sita kama mlinzi aliyechoka. Wengi huachia pale kwenye F. Ticha ana dawa yake: anakuanzishia F ndogo ya nyuzi nne za chini, unaishi nayo, ile kubwa inakuja yenyewe.

Alinipa pia metronomu, kigonga mapigo, kwenye simu. Mapigo 60 kwa dakika, kubadilisha kutoka G kwenda C bila kusimama, na nisiongeze kasi mpaka nimefanya safi mara kadhaa mfululizo. Mhasibu anapenda vitu vinavyopimika, nami nilifurahi sana. Nikafika 80, nikafika 100. Nilianza kujiona.

Ndipo nikapangiwa kipindi na Mzee.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Haya, piga hiyo G yako."

Nikapiga G, C, D, C, nikarudi G. Akasikiliza huku akimenya chungwa. Akaniambia niendelee hivyohivyo, nisisimame. Akamaliza chungwa. Akanawa mikono. Akachukua gitaa lake la umeme, akalichomeka, na akaanza kupita juu ya zile kodi zangu tatu kwa solo ndogo tamu, ya kwenda na kurudi. Nikasahau nilichokuwa nafanya nikaanza kumsikiliza. Nikapotea. Akaacha kupiga.

"Mimi nikipotea nitarudi wapi," aliniuliza, "kama na wewe umeondoka?"

Swali hilo ndilo nimekuwa nikilijibu tangu wakati ule. Nilikwenda pale nikitaka solo, kama kila mtu. Hakuna anayemtazama mpiga rizimu, yule anayeshika kodi na mwendo wa wimbo. Kwenye video za zamani za bendi kamera inakwenda kwa mwimbaji, inakwenda kwa solo, inakwenda kwa wanenguaji, na mpiga rizimu anaonekana bega. Mzee alinikatalia solo kwa muda mrefu sana, akaniweka kwenye kodi tatu na mkono wa kulia.

Kwanza alininyang'anya gitaa. Akanipa vijiti viwili na kuniambia nihesabu mpaka 16 kwa sauti, mwendo uleule, na kugonga kwenye moja, nne, saba, kumi na moja na kumi na tatu. Jaribu mwenyewe juu ya meza. Hesabu mpaka 16, gonga kwenye hizo namba tano, usisimame, anza tena. Ukishazoea utagundua umekuwa ukilisikia pigo hilo maisha yako yote: matatu yanatangulia, mawili yanafuata. Lilifika huku na santuri za muziki wa Cuba, zile zenye herufi GV zilizoanza kuuzwa Afrika miaka ya 1930, na bendi za Kongo na za kwetu zikalichukua na kulifanya lao. Mzee hakunieleza historia hiyo. Alichosema ni kwamba asiyelisikia pigo hilo hata lisipopigwa hawezi kupiga dansi. Maana mara nyingi halipigwi na mtu yeyote. Limekaa katikati ya vyombo, kila mmoja analizunguka.

Baada ya vijiti, gitaa likarudi, lakini kwa mkono wa kulia pekee: nyuzi zimezimwa kwa mkono wa kushoto ili zitoe mkwaruzo tu, bila noti. Chini, juu, chini, juu, na mkono usisimame hata pale usipogusa nyuzi. Hilo la mwisho lilinichukua muda. Akili inataka kuusimamisha mkono penye kimya. Mzee anataka mkono uendelee kupita hewani, kwa sababu mkono unaosimama ukianza tena unaanza kwa kuchelewa. Ticha alikuwa ameniambia jambo lilelile kwa maneno ya kitabu, na nilikuwa nimeandika kwenye daftari. Kwa Mzee niliambiwa kwa kupigwapigwa begani na kidole, kila mkono uliposimama.

Mzee ana watu wake anaowataja. Kwake Arusha ni mji wa Arusha Jazz, bendi ya ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, waliotoka Tanga wakapiga hapa kabla ya kuvuka mpaka kwenda Kenya na kuanzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Anapofundisha hutuwekea nyimbo zao kwenye simu na kuuliza, "Magitaa mangapi?" Mwanafunzi mpya husema mawili. Yapo manne: solo juu, solo ya pili inayomjibu na kumfuata, rizimu chini yao, na besi. Kazi yetu ni kumfuatilia mmoja tu kuanzia mwanzo mpaka mwisho wa wimbo, bila kuhama sikio. Nilidhani ni zoezi la watoto. Hebu jaribu kuisikiliza rizimu peke yake dakika tano huku solo inakuita. Mimi nilikuwa napotea kabla ya ubeti wa kwanza kwisha, na kila nikipotea nilijikuta nimekwenda kwenye solo.

Nilisema walimu hawa hawakubaliani. Ugomvi wao mkubwa ni wa kutyuni, yaani kukaza au kulegeza nyuzi mpaka zitoe noti sahihi. Ticha anataka kila mwanafunzi abane tyuna kichwani mwa gitaa na kutazama mshale mpaka uwe kijani, kwa sababu anasema muda wa kipindi ni hela ya mwanafunzi. Mzee anasema anayetazama taa hasikii. Kwake unapewa noti moja, uzi wa tano, A (nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba), na zilizobaki unazitafuta. Unabana uzi wa sita kwenye freti ya tano, unaulinganisha na wa tano ulio wazi. Hivyohivyo kwa wa tano na wa nne, wa nne na wa tatu. Uzi wa tatu ndio mkaidi, unabanwa freti ya nne ili utoe sauti ya uzi wa pili. Kisha unarudi tano kwa wa pili na wa kwanza.

Siri iko kwenye namna ya kulinganisha. Nyuzi mbili zikikaribiana bila kufikiana, sauti inapwita: inakua na kufifia, wou, wou, wou. Uzi mmoja ukitikisika mara 110 kwa sekunde na mwingine 112, utasikia mapwito mawili kila sekunde. Unavyokaza, mapwito yanapungua mwendo, yanakuwa marefu, halafu yanatoweka na sauti inatulia. Nilipoyasikia kwa mara ya kwanza niliomba nilegeze tena ili niyasikie upya. Ticha aliyekuwa mlangoni alicheka, akasema basi leo Mzee kashinda. Mimi natumia njia zote mbili. Kanisani, kukiwa na kelele za watu wanaosalimiana, tyuna. Nyumbani, sikio. Na nina maoni yangu: anayeanza na taa peke yake atachelewa kujua kwamba kodi yake imeharibika katikati ya wimbo, kwa sababu hakuna anayetazama taa katikati ya wimbo.

Chuo, nadhani, kingenipa kila kitu alichonipa Ticha, na zaidi. Lakini kuna jambo moja ambalo ni la duka. Mlango uko wazi. Unapiga huku mtu anauliza bei ya spika, huku chalii wa Ngarenaro anajaribu ngoma, huku kamati ya ununuzi ya kanisa fulani imesimama kwenye kinanda, mwenyekiti anabonyeza kitufe cha midundo na katibu anaandika. Mwanzoni niliona ni kero. Nilitaka chumba kimya kama maktaba.

Jioni moja walikuja kaka wawili kununua gitaa la besi. Mnunuzi alitaka kulisikia likiwa kwenye muziki, si likiguna peke yake. Ticha alikuwa na mwanafunzi wa kinanda. Mzee akachungulia chumbani: "Mwanangu, njoo mshikie huyu G." Nilisema sijafikia huko. Akajibu kwamba hajaniuliza nimefikia wapi.

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya duka, nikaanza. G, C, D, C. Yule kaka akaingia na besi, na ilikuwa nzito, tamu, nikaisikia kwenye magoti kabla ya masikio. Alikuwa mpigaji mzuri kuliko mimi kwa mbali sana. Baada ya mizunguko michache akaanza kucheza: anaacha nafasi, anarudi kwa kuchelewa, anapanda juu. Nikahisi ule mvuto wa kumfuata. Sikumfuata. Nilihesabu 16 kimyakimya, mkono ukaendelea kupita. Alipomaliza zile mbwembwe zake alirudi kwenye moja, na moja ilikuwepo. Akanitazama akatikisa kichwa kidogo, kama watu wanaofahamiana. Mzee akachukua gitaa ukutani akaweka solo. Katibu wa kamati akaacha kuandika. Besi lilinunuliwa.

Hakuna zoezi la metronomu linalokuandaa kwa hilo. Metronomu haikuvuti. Haina mbwembwe, haichelewi makusudi kukupima. Kushika mwendo mbele ya mtu anayekuvuta ni ujuzi wa peke yake, na ili uupate lazima awepo mtu. Hapo ndipo ninapotofautiana na marafiki zangu wanaojifunza kwa video za kwenye simu. Video zimenisaidia, sitazikana. Ukitaka kuona kidole kinakaa wapi unarudisha nyuma mara ishirini na hakuna anayechoka. Ila mtu wa kwenye video hakusikii. Nilimfahamu kijana mmoja aliyejifunza hivyo mpaka vidole vyake vikawa vinaruka kama cheche, na alipoletwa kwenye kikundi cha Jumamosi kila mtu alimwacha nyuma au yeye aliwaacha wote. Mzee alimpa vijiti viwili. Alinuna, akavichukua. Sasa ndiye mpiga besi wetu.

Jumamosi ndiyo siku ya kupiga pamoja: magitaa matatu au manne, besi, mtu wa kinanda akipatikana. Wengi ni vijana wa sekondari. Wananiamkia wakiingia, na dakika kumi baadaye wananiambia nimeingia mapema mno kwenye D. Mtoto wa kidato cha pili kunisahihisha kodi mbele za watu lilinipa shida kidogo mwanzoni, nikiri, maana ofisini mimi ndiye ninayesahihisha. Nikazoea. Kwenye muziki aliyesikia ndiye mkubwa kwa wakati ule.

Ilipofika Juni, watalii wakarudi na jioni zangu zikaisha. Nilifikiri ndio mwisho. Ticha akanipangia dakika 15 kila siku alfajiri kabla ya kuamsha watoto, nyuzi nikizizima kwa kitambaa chini karibu na kidaraja ili nisiamshe nyumba: dakika tano za mkono wa kulia, tano za kubadilisha kodi mbili zinazonisumbua, tano za wimbo. Alisisitiza kwamba hizo ni bora kuliko saa tatu za Jumapili, na nimeona ni kweli, kwa sababu mkono unasahau upesi sana ukiuacha siku kadhaa. Vipindi vya dukani nikavipunguza, ila Jumamosi sikuiacha isipokuwa wiki za kufunga hesabu za mwezi. Mume wangu alizoea. Mtoto wa pili anaweza kugonga zile namba tano za 16 kwenye sahani, jambo ambalo lina faida na hasara zake wakati wa chakula.

Sasa hivi Mzee ameniruhusu solo ya pili. Bado si solo yenyewe. Kazi yake ni kujibu: solo inasema kitu, wewe unakizungushia maneno machache, unamwachia. Nimegundua kwamba karibu kila ninachokifanya pale ni rizimu iliyopandishwa juu ya shingo, noti mbili mbili, na kwamba miezi yote ile ya kodi tatu ilikuwa inanipeleka huko bila kuniambia. Kwaya nako nimeanza kushika gitaa baadhi ya Jumapili, yule mpigaji wetu akiwa na safari. Alto imepungukiwa sauti moja na hawajalalamika sana.

Wananiuliza kama duka lolote linafaa. Hapana. Kuna maduka ambako "mwalimu" ni muuzaji anayejua nyimbo nne. Ukitaka kujua, nenda siku ya kazi mchana, duka likiwa limetulia, na mwombe mwalimu akutyunie gitaa mbele yako kwa sikio, kisha apige wimbo wowote huku wewe unapiga makofi. Tazama atafanya nini ukiharakisha makofi. Akikukimbilia, au akikasirika, tafuta pengine. Akitabasamu na kubaki palepale alipo, lipa. Uliza kama kuna siku ya kupiga pamoja, maana bila hiyo ni afadhali ubaki na simu yako. Uliza kama utaruhusiwa kutumia gitaa la duka kabla ya kununua. Na uliza kama nyuzi mpya zimo kwenye ada. Kwangu hazikuwamo, na uzi wa kwanza hukatika sana.